Kaunta ya Wabisha Hodi

Mwende, uliniomba nikuachie maelezo ya kazi, ukurasa mmoja, yawe na vichwa vya habari. Ukurasa mmoja unatosha kueleza mashine ya kahawa. Kaunta ya vibali inataka zaidi, na kwa kuwa nimestaafu na hakuna tena wa kutazama saa nikitoka kula, nitaandika mpaka nichoke. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, wewe unakielewa vizuri sana ila ukiongeleshwa unajibu Kiingereza, na barua haijibiwi papo hapo. Pili, msimamizi wetu hakielewi, na kuna mambo humu ambayo afya yake haiyahitaji.

Kwa atakayekuja baada yako na hajui lolote: kazi yetu ni kuwapa vibali watu wanaobisha milango ya wengine. Mji wetu ni mdogo, uko karibu na Bladensburg, na ukiinama kuokota simu ndani ya gari unaweza kuupita bila kujua. Lakini ndani ya mji huo huwezi kumbishia mlango mtu usiyemjua ukamuuzia ufagio, paa, intaneti au dawa ya mchwa kabla hujapita kwetu. Mimi nimezaliwa Nyamira. Kwetu, aliyepita kwenye boma la watu bila kusema hodi ndiye aliyetiliwa shaka. Huku anayesema hodi ndiye anayetiliwa shaka. Niliajiriwa nikae katikati ya mambo hayo mawili na muhuri mkononi, kwa miaka ishirini na miwili.

Siku ya kwanza nilifika na suti ya kanisani na viatu vinavyobana, nikidhani naenda serikalini. Nilikuta kaunta, kengele ya kugonga, viti vitatu vya plastiki, na mama mmoja Mmarekani mweusi mwenye miwani jozi mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Huyo alikuwa Bi Odessa, aliyepewa kazi ya kunifundisha. Alisoma jina langu kwenye faili, akasimama wima, akaniambia, "Shikamoo, ewe dada." Alikuwa amenizidi kwa miaka kama ishirini. Sisi watu wa bara shikamoo tuliisoma kitabuni tukaiacha humo humo, kwa hiyo nilibabaika nikamjibu asante. Alikuwa amejifunza Kiswahili madarasa ya jioni, kwa mapenzi tu, na alikiongea kama mtu anayefungua mkutano. Ukimuuliza kama anataka sukari kwenye chai, alikujibu "la hasha."

Siku hizo alama za vidole zilichukuliwa kwa wino na kadi. Mwombaji wa kibali lazima achunguzwe na polisi kama ana makosa, na polisi hawamwamini mtu mpaka wavione vidole vyake kumi. Vifaa vya Bi Odessa vilikuwa kibati cha wino, pamba, chupa ya spiriti, na boksi la glavu. Kabla hajagusa mtu alivaa glavu, akafuta kidole kwa spiriti, akangoja kikauke, ndipo akakiviringisha kwenye kadi. Aliniambia maneno yale yale kila asubuhi: futa kwanza, ushike baadaye. Nilipomuuliza kwa nini glavu, na hawa si wagonjwa, aliniambia kwamba mkono wangu haumo katika shughuli hii, mkono wangu ni mgeni. Moyoni nilisema huyu mama ni mzuri ila ana ubaridi wa Kizungu. Unamshikaje mtu mkono kwa mpira, kama unatoa kuku matumbo?

Sheria zenyewe ni rahisi, ndiyo sababu hakuna anayezielewa. Mwenye kibali anavaa beji kifuani. Anabisha kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linapotua, na jua kutua kuna jedwali lake ukutani, maana mtu akitazama nje kwa macho yake anaweza kukosea. Habishi nyumba yenye kibandiko cha kukataza wauzaji. Akiambiwa ondoka anaondoka, hata kama mwenye nyumba ameshika mkoba. Halafu kuna wale wasiohitaji kibali: wahubiri, watu wa siasa, na watoto wanaouza biskuti. Ukiwatazama vizuri utaona ndio hasa wale ambao watu wanajificha nyuma ya kochi wakiwaona dirishani. Anayekuuzia ufagio, kitu unachokihitaji, huyo ndiye tunamchunguza na polisi.

Msamaha huo wa wahubiri ulituletea Mchungaji mmoja wa kwetu kutoka Gaithersburg, ambaye siku za wiki alikuwa fundi wa paa. Alikuwa akibisha, anaiombea nyumba na wote waliomo, na akimaliza amina bado ametazama juu, anasema kwa upole kwamba vigae vya upande ule vimeachia. Malalamiko yalipozidi aliitwa kaunta. Alinipa Bwana asifiwe, nikampa amina, akanieleza kwamba yeye alienda kuhubiri tu na habari ya vigae ilimjia kama ufunuo. Nikamwambia ufunuo unaorudia mtaa mzima nyumba kwa nyumba unahitaji fomu. Aliijaza. Mahali pa aina ya huduma aliandika "ulinzi kutoka juu", nami nikampigia muhuri, kwa sababu uongo haukuwa.

Na msisahau kwamba asilimia kubwa ya kazi hii ni kupokea simu za watu walioogopa. Mama mmoja wa Kitale alikuja kumtembelea mwanawe, na siku ya pili, mwana akiwa kazini, akatoka kusalimia majirani. Si unasalimia majirani? Alienda mlango kwa mlango na kiondo chake begani, akisema "hello, hello" na kuwashika mikono. Alipofika nyumba ya saba kila mtu alikuwa ameshapiga simu. Askari alimleta kwangu kwa heshima zote nimwandikie onyo. Kompyuta iliniuliza aina ya bidhaa, nikaandika hakuna. Ikaniuliza kusudi, nikaandika salamu. Ikakataa, salamu haimo kwenye orodha, basi nikachagua "nyinginezo". Yule mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtaa ule umefiwa, maana hakuona mtu nje hata mmoja.

Bi Odessa alistaafu akahamia Temple Hills. Aliniachia chupa ya spiriti na boksi la glavu kama mtu anayegawa urithi. Miaka mingi baadaye ikaletwa mashine, ile yenye kioo cha kijani, na fundi aliyeileta akatuambia wino umekwisha kazi, sasa kidole kinawekwa tu juu ya kioo. Nilifurahi kupita kiasi. Chupa nilimpa mfagiaji, glavu nikazitupa, nikasema mambo ya Bi Odessa yameenda na Bi Odessa. Hapo ndipo nilipoanza ujinga wangu, na naomba usome polepole.

Kwa watu wengine wote niliifanya kazi kama inavyofanywa. Nilikaa upande wangu, nikawaonyesha kioo kwa kalamu, wakaweka vidole wenyewe. Lakini kwa watu wetu sikuweza. Mtu wa Afrika Mashariki unamjua hata kabla hajataja jina, kwa bahasha kwapani na jinsi anavyongoja kuitwa wakati chumba ni kitupu. Nilikuwa natoka nyuma ya kaunta, namsalimia kwa mikono miwili, namuuliza ya nyumbani, na mkono huo siuachi, naenda nao mpaka kwenye mashine, namwekea kidole kimoja kimoja. Ningemwonyesha mtu wa kwetu kwa kalamu, kama bei ya nyanya?

Pia unajua kile kikopo changu cha mafuta ya mgando, kilichokaa droo ya juu. Mimi nimelelewa na mama ambaye hakukuruhusu uvuke kizingiti ukiwa na mikono iliyopauka. Watu watauliza, huyo hana mama? Hewa ya ofisi hii inakausha hata mawazo, kwa hiyo nilijipaka asubuhi, nikajipaka saa nne, nikajipaka baada ya chai. Mikono yangu ilikuwa ikimetameta, na niliiona ndiyo mikono safi kuliko yote mjini.

Mashine ikaanza kuwakataa watu wetu. Si wote, lakini wengi. Majibu yalirudi: alama hazisomeki. Mnandi anayeuza asali, hazisomeki. Msichana wa Moshi anayeuza vitenge, hazisomeki. Wamarekani weusi kwa weupe wakapita, Wasalvador wakapita, hata yule bwana wa dawa ya mchwa ambaye vidole vyake viwili viliumwa na msumeno, akapita. Kanisani tulilijadili. Wengine wakasema mashine inabagua. Mimi nikaja na nadharia yangu, kwamba watu wetu wengi ni wauguzi na wasaidizi wa wazee, wanaosha na kunawa kutwa kwa dawa kali, alama zimelika. Nadharia nzuri, na kwa wengine ni kweli kabisa. Niliandika kwa msimamizi barua tatu kali juu ya uonevu wa mashine kwa watu wa kazi za mikono. Nilizisoma kwa sauti nyumbani, na mume wangu akasema nilipaswa kuwa wakili.

Sasa nakuja kwa Mama Amani, ambaye wewe ulimwona mara ya mwisho tu.

Alikuja mwezi wa sita, Mkongo wa Uvira, kitenge kimepigwa pasi mpaka kwenye mafundo, nyaraka zake ndani ya mfuko wa plastiki na mfuko ndani ya bahasha. Alikuwa ametunza wazee wa watu miaka mingi. Bibi wa mwisho aliyemtunza alifariki, na kampuni iliyomwajiri ikawa inampa ahadi badala ya zamu, kwa kuwa naye ameshakuwa mzee. Alitaka kibali apite nyumba kwa nyumba katika mitaa minne anayoijua, aulize nani ana mzee wa kukaa naye mchana. Kisheria hiyo ni kuuza huduma mlangoni, inahitaji kibali sawa na paa.

Nilimuuliza haraka ni ya nini. Akaniambia mwanawe Amani anahamia Texas mwisho wa mwezi wa nane, ameshapata kazi, na anataka mama aende naye alee watoto. Mama Amani aliwapenda wajukuu, lakini mumewe alizikwa hapa, makaburi ya upande wa Bladensburg, na kila Jumamosi alipanda basi kwenda kumsafishia. Amani alikuwa amesema, mama akipata kazi yake mwenyewe ya kumweka mjini, atamwacha abaki. Asipopata, anaingia kwenye lori pamoja na makochi. Kwa hiyo kibali changu ndicho kilikuwa kinangojwa, chenye picha ndogo na kamba ya shingoni.

Nikaushika mkono wake kwa mikono miwili. Ulikuwa mkavu, umepasuka kwenye viungo, mkono wa mtu aliyeosha watu wazima maisha yake yote. Nikasema si ajabu, huu ndio ule ushahidi wangu. Nikatoa kikopo, nikampaka mafuta mwenyewe, kidole kwa kidole, kama ambavyo ningempaka mama yangu. Alicheka, akasema ni siku nyingi hajapakwa mafuta na mtu. Tukachukua alama. Baada ya wiki mbili majibu yakaja: hazisomeki.

Mara ya pili nilimpaka zaidi. Niliona bado ulikuwa mkavu, ungefanyaje? Zikarudi hazisomeki. Nilipomwambia, aliweka mikono yote juu ya kaunta akaitazama, akasema, "Bon, Mama Kerubo, vidole viko kumi. Nilikuja navyo vyote. Wanataka vingine?"

Nilimnong'oneza aende tu bila kibali, mitaa minne haina shida, nikipigiwa simu nitajua la kufanya. Ndiyo, Mwende, mimi nilisema hivyo, na usinitolee macho. Alikataa. Alivuta ile bahasha karibu na kifua chake. "Nilitembea bila papier miaka mingi, mama, porini na kambini. Hapa siwezi tena. Nipe papier, ao uniambie hapana."

Mara ya tatu ulikuwepo, wiki yako ya pili. Uliniona nikimkanda mikono kwa mafuta mpaka ofisi nzima ikanukia. Majibu ya tatu yalipokuja hazisomeki, sheria ni moja: mwombaji anangoja miezi sita. Nilimpigia simu nikamwambia. Alisema asante mara mbili, kwa adabu, akakata.

Siku iliyofuata ulinikuta nikiandika barua ya nne kwa msimamizi. Ukavuta kiti. Uliniambia, kwa Kiingereza chako kisicho na haraka, kwamba umetazama faili zote na umeona kitu. Si watu wetu wote wanaokataliwa. Waliokuja siku nilizokuwa likizo walipita. Na Mmarekani pekee aliyekataliwa ni yule kijana aliyenisalimia Kiswahili nikamkumbatia na kumshika mkono. Halafu ukasema kitu ambacho ninakikumbuka neno kwa neno, tena hicho ulikisema Kiswahili. "Anti, ni wale unaowashika mkono."

Ukaenda ukaleta kitambaa chenye spiriti. Ukafuta kioo, ukanionyesha kitambaa. Kilikuwa na manjano ya mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Mchana akaja fundi wa mabomba kutoka Bungoma. Uliniambia niweke mikono nyuma. Nikasimama kama mtoto aliyekosea shuleni, sikumsalimia, akanitazama kuona kama nimemkasirikia. Alama zake zilitoka safi, kila mstari umesimama.

Futa kwanza, ushike baadaye. Mama wa watu alikuwa ameniambia kila asubuhi kwa miaka minne, kwa Kiswahili sanifu.

Ulijua dawa ipo kwenye sheria, na mimi nilijua kabla yako. Karani akiandika barua kwamba kosa lilikuwa la ofisi, zile mara tatu zinafutwa, mwombaji anachukuliwa upya siku hiyo hiyo. Ukurasa mmoja, kama unavyopenda. Uliniuliza niandike lini. Nikakwambia nenda ukale.

Sasa sikiliza sababu yangu, kisha unicheke. Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Msimamizi alikuwa ameagiza kibao cha mbao chenye herufi za dhahabu, na katibu wake alikuwa amenionyesha maneno kwa siri: miaka ishirini na miwili bila doa. Dada yangu alikuwa anakuja kutoka Delaware. Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi. Kuandika barua ile ni kukubali si Mama Amani peke yake bali na muuza asali na msichana wa vitenge na wengine wote, pamoja na zile barua tatu za kishujaa. Nikajiambia, lori ni la mwisho wa mwezi, mwezi una siku kibao. Nitaandika Jumatatu baada ya sherehe. Nani anaharibu keki iliyobakiza siku tisa tu?

Sherehe ilifana. Nilipewa kibao, nikatoa hotuba kuhusu uaminifu. Wewe ulisimama karibu na mlango na soda yako, hukupiga makofi, nikaona.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na siku tano zimebaki kazini. Niliandika barua kabla sijavua koti, nikaipeleka mwenyewe. Msimamizi aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama ninataka kibao kirekebishwe. Hilo ndilo lililomjia kichwani. Kisha akaidhinisha wote warudi, na wiki ile ile ulianza kuwachukua alama, mmoja mmoja, kwa glavu, na mmoja mmoja wakapita.

Mama Amani nilimpigia kwanza kabla ya wote. Simu iliita sana. Akapokea, na nyuma yake nikasikia watoto na mwangwi wa nyumba isiyo na vitu. Nikamwambia njoo leo, mama, njoo hata sasa hivi, kibali kitatoka. Akaniambia wamefika Texas tangu Jumapili. Kazi ilimtaka Amani mapema, lori likapatikana Ijumaa, wakaondoka mchana. Ijumaa mchana mimi nilikuwa nakata keki.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza hapo. Ningesema mashine imetengenezwa, pole, na angeniombea baraka. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kibao. Nikamwambia yote: mafuta, mikono yangu, zile siku tisa. Sikujitetea, na kama unanijua unajua hilo liliniuma kuliko kujifungua.  

Akasema, "Mafuta yalikuwa mazuri." Kisha akasema, "Lakini zile siku tisa, mama, zile zilikuwa zangu."

Nikamwambia ndiyo, zilikuwa zake. 

Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayegawa kazi. Aliniambia sasa ni juu yangu. Jumamosi. Basi linashuka kwenye kona ya kanisa la matofali, unaingia geti la pili, mstari wa nne, jiwe dogo la kijivu. Majani ya upande wa kichwa yanakua haraka, yanang'olewa kwa mkono, si kukatwa. Maua ya plastiki hapendi. Hakuniuliza kama nitaweza. Aliniuliza tu kama nimeandika.

Basi hivyo ndivyo nilivyostaafu, Mwende. Wenzangu wananiuliza kama nasafiri, kama nimejiunga na kikundi cha matembezi. Mimi kila Jumamosi niko makaburini kwa mtu nisiyemjua, nimepiga magoti juu ya gazeti, nang'oa majani. Hodi napiga, ingawa hakuna jedwali la saa wala anayeniuliza beji. Kibao cha dhahabu kiko gereji, kimeegemea mashine ya nyasi. Kikopo cha mafuta nilikiacha kwenye droo, na najua umekitupa, umefanya vizuri. Mimi mwenyewe niliacha kujipaka tangu siku ile ya kitambaa. Mume wangu anasema ninafanya toba ya Kikatoliki, tena siku ya Sabato, na sisi ni Waadventista.

Nikimaliza napiga picha na kumtumia Mama Amani. Yeye hasemi asante, anakagua. Upande wa kushoto bado. Lile jani si la kwetu, litoe. Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imenyesha, nikang'oa mpaka kucha zikajaa udongo, nikasafisha jiwe lote, nikaweka mkono juu yake ili aone jinsi linavyong'aa, nikapiga. Nilijua safari hii hana la kusema.

Jibu lilikuja nikiwa nangoja basi.

"Papa Amani ameonekana vizuri. Lakini mikono gani hiyo? Imepauka, watu watasema huna mama. Jipake mafuta."